Odile Rancourt na Kanuni ya Kurasa Saba

Mji wa Gilsby, kule New Hampshire, una watu wa aina mbili: waliowahi kununua pai kwa Odile Rancourt, na waongo.

Kibanda chake kipo pale Barabara ya Kinu inapokata kona. Ni mbao za msonobari na paa la bati, hakina mlango wala muuzaji. Unafika, unafungua kabati, unachukua pai ya tufaha au mkate au chupa ya matango ya siki, unatumbukiza dola zako kwenye kopo la kahawa lililopigiliwa msumari, chenji unajitolea mwenyewe, unaenda zako. Hivyo hivyo kwa miaka ishirini na miwili. Mara moja tu kopo lilipungukiwa, na wiki iliyofuata likakutwa na ziada pamoja na karatasi ya kuomba radhi. Odile aliitia karatasi ile kwenye jiko bila kuangalia jina. Alisema mtu akishajirudi mwenyewe, jina lake halimhusu mtu mwingine.

Alikianzisha mwaka ambao kiwanda cha mbao kilifungwa, mumewe Armand akarudi nyumbani na mgongo mbovu na saa ya ukutani waliyomuaga nayo. Armand alifariki, saa ikasimama, kibanda kikaendelea. Kodi ambayo mji ule hutoza wenye nyumba si ya mchezo, na kila Desemba ilitoka kwenye zile pai. Bila kibanda, Odile ingembidi auze nyumba aende kuishi kwa mwanawe Florida, mahali ambako, kwa maelezo yake, hata mijusi imestaafu.

Alikuwa na miaka sabini, mfupi, miwani yake ikining'inia shingoni kwa kamba ya kiatu, na alikuwa na kasoro mbili zinazochosha majirani. Ya kwanza, husoma. Si riwaya. Husoma karatasi iliyomo ndani ya boksi la dawa, masharti ya benki, na taarifa za bodi ya mji mpaka sahihi ya mwisho. Ya pili, hawezi kuvumilia kuona mtu anafungwa mdomo, hata kama mdomo wenyewe ulistahili.

Bodi ilipotaka kufunga kamera darajani ya kunakili namba za magari yote yanayopita, Odile ndiye aliyesimama akauliza hizo picha zitakaa wapi, kwa muda gani, nani ana ufunguo, na kama mkuu wa polisi naye angependa mji mzima ujue gari lake hulala wapi kila Alhamisi. Kamera haikufungwa. Mkuu wa polisi aliomba uhamisho.

Halafu kuna habari ya Wes Pomerleau, jirani yake wa upande wa juu, aliyesimamisha bango kubwa uani kwake likimtukana Rais kwa neno lisiloandikika hapa. Bodi ikamwamuru aling'oe. Odile alikuwa akilichukia bango lile kiasi kwamba alibadilisha njia ya kwendea kanisani. Hata hivyo alikwenda mbele ya bodi, akamtetea Wes nusu saa nzima kuwa ua ni wake na maneno ni yake, akashinda. Walipotoka nje Wes alitaka kumkumbatia. Odile alimwambia akae mbali, yeye ni mpumbavu mwenye haki zake zote.

Basi mtu wa namna hiyo ndiye aliyefungua barua ya bodi siku moja ya Januari akakuta kibanda chake kinataka kufa.

Mambo yalianzia kwa Dwight Sturgis, mwenye duka la mikate lililo jirani na posta. Dwight alikuwa ametumia miezi kumi na minne na akiba yote ya mkewe kupata kibali cha duka lake: sinki la mabakuli matatu, feni ya dari ya chuma, mlango wa pili, mkaguzi, mkaguzi wa mkaguzi. Kila asubuhi akielekea dukani alipita pale konani akaona magari manne yamesimama kwenye kibanda kisicho na hata bomba la maji. Aliandika barua kwa bodi. Mwenyekiti wa bodi, Merritt Cobleigh, mstaafu wa bima, mtu anayeona ajali hata kwenye kijiko cha chai, aliipokea kama aliyeletewa mtoto wa kulea. Akatunga Kanuni ya Chakula Salama, kurasa saba: asiuze mtu chakula kilichopikwa jikoni kwake mpaka awe na sinki la mabakuli matatu, mlango wa pili wa jiko, ukaguzi na kibali.

Kusema alitunga ni heshima tu. Aliinakili kutoka mji mkubwa wa pwani, akabadilisha jina la mji. Ukurasa wa tano ulikuwa bado unazungumzia usafi wa maboti yaliyotia nanga, na mto wa Gilsby hauna maji ya kutosha kuzamisha bata.

Kanuni ikapangwa kuwa ibara ya kumi na nne ya mkutano wa mji. Mkutano huo hufanyika Machi, theluji ikianza kugeuka uji, na siku hiyo hakuna bunge wala diwani; kila mpiga kura wa Gilsby hupewa kadi ya rangi ya chungwa, hukaa kwenye kiti cha kukunja ndani ya ukumbi wa mji, na hutunga sheria kwa kuinua mkono. Wanaanza asubuhi. Mchana wanashuka ghorofa ya chini kula maharage yaliyookwa kwenye vyungu, mkate mweusi na pai, vyote vimepikwa na akina mama majumbani kwao na kuuzwa ili kikosi cha zimamoto kipate mipira mipya ya maji. Kisha wanapanda tena juu kuendelea kugombana, sasa wakiwa wameshiba. Mwaka ule msimamizi wa maharage alikuwa Odile.

Alifika saa moja asubuhi na vyungu vyake vitatu vimefungwa mataulo, akavipanga na vya wenzake kwenye jiko la ukumbi ili visipoe, akavaa miwani, akapanda juu na kurasa saba mkononi. Ukurasa wa nne ulikuwa umekunjwa pembe. Usiku mmoja hakulala vizuri kwa ajili ya ukurasa ule, na alikusudia kuusoma kwa sauti mbele ya watu wote.

Mkutano uliongozwa na Philippa Tasker, mwalimu mstaafu wa hesabu aliyewahi kufundisha nusu ya ukumbi na kufelisha robo. Kila msemaji alipewa dakika tatu, akipimwa na saa ya jikoni yenye umbo la kuku. Kuku akilia, umekwisha, hata kama ulikuwa unakata roho.

Merritt alisema maneno yake, na tumtendee haki, hayakuwa ya kijinga. Alisimulia mgeni mmoja aliyeumwa tumbo kiangazi kilichopita baada ya kula vitu kadhaa katika vibanda kadhaa, na akauliza ni mtoto wa nani wangependa awe wa pili. Watu walijikuna. Kisha Dwight Sturgis akainua mkono kutoka ukuta wa nyuma, ambako husimama wasio na kadi. Maana Dwight analipa kodi ya duka Gilsby lakini analala Ardley, ng'ambo ya mto, na asiye mpiga kura haongei katika mkutano wa mji mpaka mkutano wenyewe umpe ruhusa. Ukumbi ulinguruma. Sauti moja ilisema akahutubie daraja. Nyingine ilitaka kujua kama huko Ardley hakuna mikutano au hakuna watu wa kumsikiliza. Wengi waliokuwa wakimzomea walikuwa upande wa Odile, na walidhani wanamsaidia.

Wakati huo Odile alikuwa ndiye aliyeshika kipaza sauti. Ilikuwa zamu yake. Aliangalia ukurasa wa nne, akamwangalia Dwight, aliyekuwa ameshusha mkono na masikio yamemwiva, akahisi ile kasoro yake ya pili ikimpanda kooni.

"Bi Msimamizi," alisema, "naomba mkutano umruhusu Bwana Sturgis aongee."

Philippa aliinama mbele. "Odile, unajua kuku amekwisha kuanza? Hizi ni dakika zako."

"Najua."

Wes Pomerleau, safu ya tatu, hakujizuia. "Odile, huyo ndiye anayekuchinja."

"Amenichinja kwa barua. Nataka nimsikie kwa mdomo."

Watu walicheka, lakini hawakukubali upesi. Mmoja alisema kanuni ni kanuni, mgeni ni mgeni. Odile akaanza kubishana nao mmoja mmoja kwa majina. Aliwauliza inakuwaje barua ya mtu ipite mezani na kusomwa mpaka kwenye koma, halafu mwenye barua aambiwe anyamaze ukutani kama koti. Aliwakumbusha kwamba kodi yake wanaipokea bila kumuuliza analala wapi. Aliwaambia wakimziba mdomo leo kwa sababu wanampenda Odile, kesho watamziba mwingine kwa sababu hawampendi, na huenda mwingine huyo akawa ni Odile. Kadi zikapanda, Dwight akapewa ruhusa, na kuku akalia. Ukurasa wa nne ulibaki mkononi umekunjwa vile vile.

Tatizo ni kwamba Dwight alijua kuongea. Hakumtukana mtu. Alieleza jinsi alivyouza gari la mkewe kununua feni, jinsi mkaguzi alivyomrudisha mara mbili kwa sababu ya upana wa mlango, jinsi alivyooka mikate ya majaribio miezi mitano bila ruhusa ya kuuza hata mmoja, akila mwenyewe na familia mpaka watoto wakawa wanaomba wali. Hakusema pai za Odile ni chafu. Alisema amezila, ni nzuri kuliko zake, na hilo ndilo linalomuuma.

"Sina ugomvi na mama huyu," alisema. "Ila nimefungwa kamba miguu yote miwili halafu naambiwa shindana naye mbio. Ama tufungeni wote, ama tufungueni wote. Mkinifungua mimi nitafurahi zaidi, lakini hakuna aliyewahi kuniuliza."

Odile alihisi kura zikihama chini ya viti kama maji ya theluji. Alinyanyua mkono aombe dakika nyingine, lakini utaratibu wa Philippa ni kwamba aliyekwisha ongea husubiri wote wengine waishe. Na hapo harufu ya maharage ikapanda ngazi. Ilikuwa saa sita kasoro. Mtu wa safu ya nyuma akatoa hoja mjadala ufungwe, akaungwa mkono na matumbo mia moja na thelathini, na kura ikapigwa.

Ndiyo sabini na moja. Hapana sitini na sita. Kanuni ikapita.

Odile hakulia wala hakumlaumu mtu. Aliketi kidogo, mikono juu ya kurasa zake. Alifikiria kabati la kibandani, pai sita alizoziweka alfajiri, na kama azitoe leo au kesho. Alifikiria Florida. Wes alimgeukia akamwambia kwa sauti ya chini kuwa dakika zake tatu zimemgharimu nyumba. Odile alimjibu kuwa anajua kuhesabu. Kisha akashuka chini, kwa kuwa ilikuwa zamu yake ya maharage.

Na kule chini ndiko alikosimama mbele ya jiko, mwiko mkononi, foleni ya watu wenye sahani za karatasi ikiwa imeshafika hadi kwenye ngazi, asiweze kufunua chungu.

Hadi leo wapo wanaosema alipanga. Hawamjui. Alitamani sana kupakua. Maharage yalikuwa yameiva vizuri kuliko mwaka jana, na mbele ya foleni kulikuwa na mzee wa miaka tisini anayetetemeka kwa njaa. Lakini yeye ni mtu aliyesoma, na sheria aliyoisoma ilikuwa ya mji wake, imepitishwa kwa kadi za mji wake dakika kumi zilizopita. Alizima jiko. Akavuta kiti, akakaa.

Merritt Cobleigh alikuwa wa nne kwenye foleni. "Odile, usifanye mchezo. Watu wana njaa."

"Si mchezo, Merritt. Ni ukurasa wa nne." Alivaa miwani, akausoma, safari hii bila kuku. Chakula chochote kilichopikwa katika jiko la nyumbani, kikitolewa kwa malipo katika jengo lolote au mahali popote pa wazi ndani ya mji, kwa faida ya mtu au ya jumuiya, ni marufuku bila kibali. Adhabu yake hii na hii. Kanuni itaanza kutumika mara tu itakapopitishwa. "Haya ni maharage yangu na ya wapishi wenzangu, akina Thelma. Hizo pai nne ni za mkeo. Nikipakua navunja sheria, ukinunua sijui wewe unavunja nini, maana hapo umenakili vibaya."

Merritt alichukua karatasi, akasoma midomo ikicheza. Hakuwahi kufika ukurasa wa nne kwa makini. Ndiyo hasara ya kunakili. Alisema bila shaka hawakukusudia chakula cha zimamoto. Odile alimjibu kuwa bila shaka, ila kusudio halikuandikwa. Foleni ilianza kusukumana. Mtu akaulizia ni jiko gani basi lenye kibali katika mji huu, na vichwa vyote vikamgeukia Dwight Sturgis, aliyekuwa amesimama karibu na meza ya kahawa akitafuta njia ya kutoka. Angeweza kufungua duka akauza mpaka vumbi la unga. Wes alimwambia siku yake imefika, akimbilie funguo. Dwight alitikisa kichwa, akasema aliomba usawa, hakuomba njaa.

Aliyepasua jipu ni Hester Cobleigh, mke wa Merritt, mwanamke mpole ambaye kwa miaka arobaini hajawahi kugusa kipaza sauti. Alizitazama pai zake nne, akamtazama mumewe, akapanda ngazi akivuta foleni nzima nyuma yake. Katika mkutano wa Gilsby, jambo lililoamuliwa halirudishwi mezani ila na mtu aliyepiga kura upande ulioshinda, na Hester alikuwa amenyanyua kadi ya ndiyo kwa sababu ya amani ya nyumbani.

"Nilipiga ndiyo," alimwambia Philippa. "Nataka ndiyo yangu nirudishiwe."

Basi ikarudishwa, na hapo ndipo mambo yalipotaka kuharibika vizuri zaidi. Merritt, aliye mwepesi wa kujitengeneza, alitoa pendekezo la sentensi moja: kanuni ibaki ilivyo, ila isiguse vyakula vya hisani. Watu wakashusha pumzi. Zimamoto wangekula, mji ungekula, pai za Hester zingekuwa halali. Kadi zilikuwa tayari zinainuka kabla hajakaa. Kwa dakika moja Odile aliona jinsi angeokoa chakula cha mchana cha watu mia moja na thelathini na kupoteza cha kwake cha kila siku.

Safari hii wengine wote walikuwa wamekwisha sema au hawakuwa na nguvu ya kusema. Akapewa dakika zake.

"Chungu ni kile kile," alisema. "Jiko ni lile lile, mikono ndiyo hii. Leo mkinipa dola mbili za mpira wa zimamoto, maharage ni salama. Jumamosi mkinipa dola mbili hizo hizo za kodi ya nyumba yangu, yamegeuka sumu. Merritt, niambie yanajuaje?"

Merritt alianza kupekua kurasa zake saba.

"Mtu akiumwa kwa pai yangu, anajua mlango wa kugonga. Hapa hapajapata kuwa na mkaguzi anayeniangalia kwa karibu kuliko majirani zangu. Kama ni usafi, njooni jikoni mwangu siku yoyote, hata sasa, sijaosha vyombo. Lakini hii kanuni haijui kupika, inajua kuhesabu mabakuli ya sinki. Mwenye pesa atayanunua, asiye nazo ataondoka, na mtasema mji umekuwa msafi." Alishusha pumzi. "Na Dwight amesema kweli. Ameonewa. Ila mkinifunga mimi, yeye hajafunguka. Tutakuwa wawili tuliofungwa, basi."

Dwight aliinua mkono kutoka ukutani. Hakuna aliyepinga. Hakusogea hata mbele, alisema kutoka pale pale kwamba kama angekuwa na kadi angepiga hapana, na kwamba anaomba tu mwaka ujao mtu amkumbuke na yeye na mlango wake wa pili. Katika dakika zake tatu, kuku alikuwa bado ana mbili na nusu.

Pendekezo la Merritt lilianguka. Kisha ibara ya kumi na nne yenyewe ikapigiwa kura upya: ndiyo arobaini na nne, hapana themanini na saba. Hester alinyanyua kadi yake juu kuliko wote, mumewe akiwa amekaa pembeni yake akitazama viatu.

Maharage yalikuwa yamepoa. Odile aliwasha jiko tena lakini watu hawakusubiri, walikula hivyo hivyo, vuguvugu, na kikosi cha zimamoto kikapata zaidi ya mwaka uliopita kwa sababu kila mtu alirudi mara ya pili. Dwight alikuja mwisho wa foleni. Odile alimpakulia kijiko kikubwa, akaongeza kingine.

"Bibi Rancourt, kwa nini ulinipa dakika zako?" Dwight aliuliza. "Ungeusoma huo ukurasa, ungeshinda mapema."

"Nilitaka kujua kama una hoja."

"Nikawa nayo."

"Ukawa nayo. Iliniudhi sana." Alimkatia mkate. "Jumatatu niletee makaratasi ya hicho kibali chako, yote, usichague. Na hizo ni dola mbili. Tena uombe radhi kwa wapishi, maharage yamepoa kwa ajili yako."

Dwight alitoa pesa, akaomba radhi kwa Thelma na kwa Hester, akatafuta kiti. Kilichobaki kilikuwa kimoja tu, kati ya Merritt Cobleigh na ukuta. Alikaa akaanza kula, na Merritt akamsogezea chumvi.